Benchi la Alto

Kutoka kwetu, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, mpaka Temeke nilitumia siku ishirini na mbili, na katika hizo zote sikukutana na mtu hata mmoja aliyehitaji mwalimu wa kwaya. Nilivuka milima kwa miguu hadi Songea, sanduku la mbao kichwani. Songea nikapanda lori la mizigo hadi Njombe, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya maharage pamoja na mbuzi wawili wa mwenye lori, ambao walipewa kivuli nami sikupewa. Njombe hadi Iringa lori jingine lilikwama matopeni mara nne, na mara zote nne tulioshuka kusukuma ni sisi wa nyuma. Wa mbele walibaki wameketi wakitupa ushauri. Dodoma niliona gari la moshi kwa mara ya kwanza nikalidharau, kwa maana nilikuwa nimeambiwa kwamba ni kubwa zaidi.

Ndani ya sanduku nilikuwa na kaptula mbili, Biblia, cheti cha sekondari, kitabu kidogo cha maana za maneno ya muziki, na chuma cha kupimia sauti, chenye meno mawili kama uma, kilichofungwa ndani ya soksi. Chuma hicho nilipewa na mwalimu wangu wa shuleni. Aliniambia, "Hiki hakidanganyi. Watu wote watakudanganya, pamoja na mimi." Kitabu nilikitafuta mwenyewe. Kumbukeni hilo, maana lawama za kitabu hazimhusu mwalimu wangu.

Nyinyi mnaoshika kazi hii sasa mmeniomba niwaandikie jinsi ilivyokuwa. Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikuvipata, na mshahara sitautaja kwa sababu hiyo hiyo. Nitawaeleza habari za benchi moja.

Temeke ya wakati ule ilikuwa mikorosho, minazi, mashamba ya muhogo, na nyumba za udongo zilizojengwa na watu waliokuwa na haraka. Kanisa la misheni yetu lilikuwa la makuti. Aliyenipokea ni Mwalimu Danstan, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mwembamba aliyetembea kama anayeogopa kukanyaga kifaranga. Alikuwa amefundisha kwaya peke yake miaka mingi na hakuniuliza habari za safari. Alinitazama, akaniuliza, "Unajua kupika uji?"

Nikadhani ananitania. Kumbe hakuwa na vitabu vya nyimbo. Nyimbo zote aliziandika kwenye shuka la marekani. Kwanza shuka hutiwa uji mwepesi wa muhogo, hutandazwa juani likakauka na kuwa gumu, ndipo wino usienee. Kisha huandikwa do, re, mi kwa herufi zake, mistari minne, kila sauti na mstari wake, kwa kijiti kilichochongwa ncha. Shuka likishaandikwa huning'inizwa ukutani na kwaya nzima husoma. Ubaya wa uji ni mende. Mwaka mmoja mende walikula mstari wote wa besi wa wimbo wa Pasaka. Watu wa besi wakaimba vilevile kama kawaida yao, na hakuna aliyegundua tofauti.

Chuma cha sauti, nacho, alinifundisha kukigonga kwenye goti, si kwenye meza. Ukikigonga kwenye meza kinapiga kelele na kila mtu anadhani unaita mkutano. Gonga kwenye goti, weka sikioni, nyamaza kidogo, ndipo utoe sauti ya kwanza. Nimeona walimu wa siku hizi wanatoa sauti kutoka kichwani bila kupima. Ndiyo maana kwaya zao huanza wimbo juani na kuumalizia shimoni.

Mbele ya kanisa yalikuwapo mabenchi manne, na kila moja padre fulani aliyetangulia aliliandika kwa rangi nyekundu: SOPRANO, ALTO, TENORI, BESI. Siku ile ya kwanza, nikitaka aone kwamba nimesoma, nilimwuliza Danstan, "Mwalimu, alto maana yake nini?"

"Maana yake benchi la pili," akasema.

Nilicheka moyoni. Nilijiambia, maskini, mzee huyu hajui hata anachofundisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na kitabu mfukoni.

Ugonjwa wa kwaya ile ulikuwa kwenye benchi hilo la pili. Walioketi pale ni wanawake watano, wakiongozwa na Mama Agnesi, mjane aliyekuwa akiuza maandazi na ambaye hakumwogopa padre wala askari. Mnajua wenyewe mateso ya alto. Soprano wana wimbo wenyewe, ule ambao kila mtu anaujua. Alto wanapewa njia ya pembeni isiyokumbukika. Watano wale walikuwa wakianza vizuri, ubeti wa kwanza wakitulia, na kufikia ubeti wa pili wote wamekwisha kurudi kwenye soprano kama mbuzi wanaorudi zizini. Nilipiga makofi, nikapiga kijiti, nikapiga kelele.

"Mwalimu," Mama Agnesi aliniambia, "unatupeleka porini halafu unatukemea kwa kuogopa giza. Tupe mtu anayeijua njia."

Mtu huyo alikuwa nyuma ya kanisa, umbali wa kurusha jiwe, nami nilikuwa nimemsikia kwa wiki mbili bila kumsikiliza.

Misheni ilikuwa ikipasua mbao za mvule kwa ajili ya paa jipya. Katikati ya mikorosho palichimbwa shimo refu, gogo likalazwa juu yake kwa kuzuiwa na kabari, na watu wawili wakalipasua kwa msumeno mrefu wenye mshiko kila upande: mmoja amesimama juu ya gogo, mwingine ndani ya shimo. Wa juu alikuwa Kosmas Chinguile, mtu wa upande wa Masasi, mfupi, mabega mapana kama mlango. Wa chini alikuwa Matei, kaka wa mkewe. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu kwao.

Kila msumeno ulipopanda na kushuka, Kosmas aliita, kwa sauti nyembamba, ya juu kabisa, safi kama kengele ndogo. "Eee, vuta! Eee, achia!" Nilipomwona mtu mwenye mabega yale anatoa sauti ile, nilibaki nimesimama.

"Kwa nini unaita kwa sauti ya juu hivyo?" nikamwuliza alipopumzika.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. "Mwalimu, sauti nene haifiki chini. Msumeno unaila. Nyembamba inapita katikati ya meno." Akaonyesha shimoni, ambako Matei alikuwa akijipangusa unga wa mbao machoni. "Yule haoni kitu. Yeye anashika tu. Mimi wa juu ndiye ninayeuona mstari wa mkaa. Kabari ikiteleza, mimi ndiye ninayemwambia atoke. Asiponisikia, ndugu yangu amekwisha."

"Unaweza kuimba kanisani?"

"Kwetu naimba. Hapa hamjaniuliza."

Jumapili iliyofuata, kwenye mazoezi, nilimketisha benchi la pili, kati ya Mama Agnesi na ukuta. Nilimsomea mstari mara mbili. Mara ya tatu aliuimba kama aliyezaliwa nao. Wanawake wakamshika kama watu wanaovuka mto wanavyoshika kamba. Ubeti wa pili ukapita, wa tatu ukapita, na hakuna mbuzi aliyerudi zizini. Danstan aliyekuwa akikanyaga kinanda aligeuka kutazama, akasahau kukanyaga, kinanda kikafa, nao wakaendelea bila kinanda.

Tenori hawakufurahi. Mkubwa wao alikuwa Petro, karani wa bohari huko Kurasini, mwenye kalamu mfukoni hata siku ya Jumapili.

"Karibu, Bibi Kosmas!" akasema. "Kanga umeiacha wapi?"

"Nimempa mkeo aifue," Kosmas akajibu, wala hakugeuza shingo.

Benchi la pili lilicheka mpaka nikafunga mazoezi. Matani yakaishia hapo, kwa kuwa Petro alijua kutania lakini hakujua kutaniwa. Tuliimba hivyo miaka miwili, na nawaambia wazi, tangu hapo nimepita makanisa mengi na sijapata kusikia kwaya nyingine iliyosimama wima vile.

Kisha ukaja ugonjwa wa mashindano. Watu fulani wa mjini waliunda kamati ya kwaya, na kamati, kama mnavyojua, ni mkusanyiko wa watu ambao kila mmoja peke yake angeona haya. Kamati ikatoa fomu yenye nafasi za kuandika jina la kila mwimbaji na sauti yake, na ikamtuma mwamuzi azungukie mazoezi kabla ya siku yenyewe. Alikuwa mama Mwingereza, mwembamba, mwenye miwani ya mnyororo na Kiswahili cha kusoma. Sisi tulimwita Bibi Mwamuzi.

Alisikiliza wimbo mmoja. Akavua miwani. "Mwalimu, kwa nini mwanamume ameketi pamoja na alto?"

"Anaimba alto, Bibi."

"Haiwezekani. Alto ni sauti ya wanawake. Kanuni inasema hivyo. Huyu atakwenda besi au atatoka."

Sasa ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema "Ndiyo, Bibi," kisha siku ya mashindano nikafanya nitakavyo, kama Danstan alivyofanya na kila mzungu aliyepita pale. Lakini nilikuwa nimesoma. Nilitaka Bibi Mwamuzi aone kwamba Temeke pia kuna mtu mwenye kitabu. Nikakitoa mfukoni, nikafungua, nikasoma kwa sauti mbele ya mabenchi yote manne, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, ili mtu yeyote asikose: "Alto. Sauti ya chini ya wanawake."

Bibi Mwamuzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kosmas akauliza taratibu, "Kwa hiyo, mwalimu, mie hapa miaka miwili nimekuwa naimba nini?"

"Kwa mujibu wa kitabu," nikasema, "umekuwa ukiimba sauti ya wanawake."

Petro alikunja leso yake pembe tatu, akajifunga kichwani kama kilemba cha mke wa mtu, na tenori wote wakaanguka kwa kicheko. Kosmas akasimama. Alipangusa kwa kiganja mahali alipokuwa ameketi, kama mtu anayeacha kiti cha watu, akatoka.

"Mwalimu," Mama Agnesi akasema, "nyumba inaanguka, wewe unasoma kitabu."

Mashindanoni tulikuwa wa mwisho. Alto walifika ubeti wa pili wakarudi zizini. Kwenye karatasi ya maoni Bibi Mwamuzi aliandika kwa mkono mzuri sana: "Alto hazisikiki." Niliitunza karatasi ile. Siku nikitaka kucheka bila furaha, huwa naisoma.

Lingeishia hapo ningekuwa nimepoteza kwaya tu, na kwaya hupotea kila mwaka. Lakini tenori walikuwa wamepata ruhusa ya kitabu. Kila walipopita shimoni kwenda kazini walipaza sauti, "Bibi, leo mnapika nini?" Kosmas, aliyekuwa na jibu la kila mtu, hili hakulijibu. Ukigombana na Petro unagombana na mtu. Ukigombana na kitabu unagombana na hewa. Akaanza kuita kwa sauti nene. Nilikuwa naisikia kutoka darasani: "Vuta. Achia." Sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, na msumeno unaila.

Asubuhi moja, watoto wakiwa wanasoma kwa pamoja, msumeno ukanyamaza katikati ya mvuto. Sisi tuliozoea sauti ile tulishtushwa na ukimya wake. Tukakimbia. Kabari ilikuwa imeruka, gogo likabingirika nusu mzingo. Kosmas alikuwa amempigia Matei kelele atoke, kwa sauti ile nene, nasi darasani hatukusikia kitu, wala aliyekuwa shimoni hakusikia. Mkono wa kulia wa Matei ulibanwa kati ya mshiko na ukingo wa shimo. Vidole viwili havikurudi.

Nilikwenda kumwona. Kosmas alikuwa ameketi nje, kwenye kizingiti, hakuitikia salamu yangu. Matei alikuwa ndani, mkono umefungwa kitambaa, akanikaribisha kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi.

"Sikumsikia, mwalimu," akasema. "Tangu tuanze kazi nimemsikia. Siku ile sikumsikia."

Baada ya hapo niliomba uhamisho. Nilimwambia padre kwamba miguu yangu haikai mahali pamoja, na ni kweli haikai. Lakini miguu ile ilikuwa na sababu. Nilikwenda Kinondoni, nikafundisha watoto chini ya makuti. Nikaenda Morogoro, nikaenda Tanga, nikarudi tena Kinondoni. Kila mahali nilipika uji, nikakausha marekani, nikaandika mistari minne. Kila mahali wanawake wa alto walirudi zizini, nami sikuwakemea tena. Watu wakanisifu kwa upole wangu. Haukuwa upole.

Wakati wa vita, tukiwa Kinondoni, tuliletewa fundi wa kurekebisha kinanda na paa la mnara wa kengele. Alikuwa Mtaliani, mfungwa wa vita, mnene kidogo, mwenye kofia aliyojisukia kwa ukindu, na Kiswahili alichokiokota kambini. Huyo ndiye mzungu wa pekee niliyewahi kumwona akiomba radhi kwa kinanda kabla ya kukifungua.

Siku moja alikuwa ngazini akinitaka nimpe nyundo. "Alto!" akaita, akionyesha mnarani. "Lete alto!"

Nikamwambia hapa hakuna alto, wanawake wanakuja Jumamosi.

Akanitazama kutoka ngazini. "Wanawake kwa nini? Alto, juu! Pale, juu!"

"Kwa lugha yenu alto ni juu?"

"Juu. Mlima ni alto. Mnara ni alto. Wewe," akapima kimo changu kwa jicho, "wewe si alto."

Nikatoa kitabu. Nikamsomea: sauti ya chini ya wanawake. Alishuka ngazini ili acheke vizuri. Kisha akaketi juu ya boriti, akanieleza kwa Kiswahili chake chenye makovu, nami nawaandikia kwa Kiswahili changu. Zamani makanisani kwao wanawake hawakuruhusiwa kuimba kwaya. Waliimba wanaume na watoto. Mwanamume mmoja alishika wimbo, akatulia nao. Huyo ndiye tenori, na jina lake maana yake ni kushika. Aliyeimba chini yake aliitwa wa chini, ndiye besi. Na mwanamume aliyeimba juu yake, kwa sauti nyembamba, aliitwa alto, yaani wa juu. Miaka ikapita, wanawake wakaruhusiwa, wakapewa nafasi ile ya wa juu. Kwao ikawa ndiyo ya chini, maana sauti zao zinakwenda juu zaidi. Watu waliobadilika ni waimbaji. Jina halikubadilika. Lilikuwa jina la mahali pa kukaa.

"Jina la benchi," nikasema.

"Ecco," akasema, nikaelewa kwamba nimepata.

Danstan alikuwa amenijibu siku ya kwanza, bure, kwa maneno matano.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikimbia siku ile ile hadi Temeke. Sikukimbia. Kinondoni na Temeke hazitengwi na bahari, lakini nilikaa na neno lile kwa miaka kadhaa kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe na kuona haya kukirudisha kwa kuwa amekaa nacho sana. Nilirudi baada ya Danstan kuacha kazi, misheni iliponiita nishike nafasi yake. Kanisa sasa lilikuwa la mbao za mvule na bati. Mabenchi yalikuwa yale yale manne.

Shimo nalo lilikuwepo, limehamishwa kidogo kuelekea barabarani. Juu ya gogo alisimama kijana wa kukodiwa, aliyekuwa akipiga mluzi. Nikachungulia shimoni. Kosmas alikuwa chini, nywele nyeupe kwa unga wa mbao au kwa umri, sikuweza kujua. Matei aliketi pembeni akinoa meno ya msumeno mwingine kwa tupa, akiishika kwa vidole vitatu.

"Tangu siku ile amekataa kupanda," Matei akaniambia. "Anasema wa chini hahitaji kuita. Vijana wa juu tunaowakodi hawajui mstari, mbao zinatoka zimepinda kama mkia wa mbwa, na wateja wameanza kwenda Keko. Tunakufa njaa kwa ajili ya benchi lenu."

Kosmas akapanda ngazi ya shimo. Nikamweleza yote, Mtaliani, mnara, wa juu, wa kushika. Alisikiliza akitema unga.

"Kwa hiyo nilikuwa mahali pangu," akasema.

"Ulikuwa mahali pako kuliko mtu yeyote mle ndani. Rudi kwaya, Kosmas."

"Sirudi. Na hili hukunipa mie, mwalimu, umejipa wewe. Lile la kwanza ulilisoma wapi?"

"Kanisani. Mbele ya mabenchi."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Basi." Akarudi shimoni.

Mashindano nayo yalikuwa yamefufuliwa, maana kamati huwa hazifi. Fomu ilikuwa ile ile. Bibi Mwamuzi alikuwa yule yule, miwani minene zaidi. Siku aliyokuja kusikiliza mazoezi nilitoa kitabu changu, ambacho ndani yake nilikuwa nimekata mstari ule kwa wino na kuandika pembeni, nikasoma mbele ya mabenchi yote manne, Kiingereza kisha Kiswahili: alto ni wa juu, alikuwa mwanamume, juu ya tenori, na mimi mwalimu wenu niliyesoma kinyume nilisoma ujinga, na kwa ujinga ule mtu alinyamaza na mtu akakatika vidole. Mlangoni walikuwa wamesimama Kosmas na Matei, wamevaa nguo za kazi. Sikuwaita. Nadhani Mama Agnesi aliwaita.

Petro, sasa mzee wa kanisa, kalamu bado mfukoni, akauliza, "Na sie tenori maana yetu nini?"

"Ni watu wa kushika."

"Kushika nini?"

"Kushika mdomo," Mama Agnesi akasema kutoka benchi la pili.

Kisha nikamkabidhi Bibi Mwamuzi fomu. Kwenye nafasi ya alto nilikuwa nimeandika majina ya wanawake sita na jina la Kosmas Chinguile. Alisema jina hilo haliwezekani. Nikasema halitoki. Alisema basi kwaya imetoka. Padre alinivuta pembeni, uso mwekundu.

"Kwaya nzima ife kwa ajili ya mpasua mbao mmoja, ambaye hata hataki kuimba?"

"Ndiyo," nikasema.

Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Barua ilikuja wiki iliyofuata. Ilinishukuru kwa utumishi mrefu na kunitakia mapumziko mema. Ndiyo maana wanasema nimestaafu. Nina miaka arobaini na kitu, magoti mazima, na sijachoka; lakini barua imeandikwa kwa mashine, na mmekwisha kuona jinsi watu wa kwetu tunavyoheshimu kilichoandikwa. Vijana, hili moja tu nitawausia: chuma kinapima sauti. Kitabu kinapima kitabu.

Siku ya kuondoka nilibeba sanduku lile lile kichwani kwenda kulitafuta gari la moshi, nikachukua njia ya nyuma ya kanisa ili nisiage mtu. Kwenye mikorosho nilisimama. Juu ya gogo jipya la mvule, miguu imetanuka pande mbili za mstari wa mkaa, alisimama Kosmas. Kijana wa mluzi hakuwepo. Shimoni alikuwa Matei, mkono wake wa vidole vitatu umefungwa kwenye mshiko wa msumeno kwa ukanda wa ngozi.

Kosmas aliniona. Hakunipungia. Aliinama akaweka meno ya msumeno juu ya mstari, akanyanyua kidevu, akaita.

Nilitua sanduku, nikatoa chuma kwenye soksi, nikakigonga gotini, nikakiweka sikioni. Alikuwa juu ya chuma changu kwa ngazi mbili kamili za sauti, wala hakuteleza.

"Eee, vuta! Unanisikia?"

"Nakusikia, shemeji!" Matei akajibu kutoka chini. "Hata Mbagala wanakusikia. Vuta!"